Mama aliazima zulia la jirani, serikali ikanikatalia ada ya chuo

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Kuna mdau humu juzi alilalamika kwamba misaada ya masomo wanapewa watoto wa wenye nazo, sisi wengine tunaishia kujaza fomu tu. Nikasema ngoja nitoe langu. Ni kweli tupu, yalinikuta mwenyewe, na mama yangu ni shahidi. Majina tu nimeyabadilisha, maana wahusika wapo hai na wana simu.

Mimi ni Mwomani wa Maskati, lakini kwetu ni Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Wazee walitoka Unguja. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, tukabaki mimi na mama kwenye nyumba ya kupanga pale Hamriya, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Mama alikuwa anadarizi kofia kwa mkono. Anayezijua kofia za Kiomani anaelewa, moja inakula wiki kadhaa na macho yako juu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nikamaliza sekondari. Matokeo hayakuwa mabaya, ila chuo kikuu cha serikali kilikuwa kimoja na wanaokitaka ni nchi nzima. Nikakosa.

Vyuo vya binafsi ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza. Nikapata nafasi ya diploma ya kompyuta kwenye kimoja. Na serikali ilikuwa na mpango wake: kama familia haijiwezi, inamlipia mtoto ada kwenye chuo cha binafsi. Unapeleka matokeo, unajaza fomu, halafu afisa anakuja nyumbani kuangalia hali yenu. Akiona kweli hamna, umepita.

Nikikosa hapo, kulikuwa na kazi inanisubiri ya kupanga bidhaa dukani kwa ami yangu, mtaa wa Azaiba. Si kazi mbaya, msije mkasema nadharau. Lakini kompyuta nilikuwa naitaka mpaka naiota.

Barua ikaja: afisa atafika Jumatatu saa nne asubuhi.

Wakuu, hapo ndipo mama aliponimaliza.

Kwetu sisi, nyumba ikiwa na wageni wa posa, majirani wote wanaazimana vitu. Huyu analeta sahani, yule mapazia, na hakuna anayeona aibu, kwa sababu kesho zamu yake. Na mama katika maisha yake yote, posa ndiyo ukaguzi pekee aliokuwa anaujua. Watu wanakuja, wanatazama nyumba, wanakwenda zao kuamua kama mtoto wako anafaa. Basi akamwandalia yule afisa kana kwamba ananiposa mimi, mtoto wa kiume.

Nilimwambia, "Mama, huyu anakuja kuona kama hatuna."

"Nnajua," akasema. "Lakini serikali nayo haimpi mtu ovyo ovyo. Itataka kujua huyu mtoto katoka nyumba ya watu. Na mgeni hakalii mkeka kwangu mie, ningali hai."

Nikamwacha aendelee. Lawama nyingine ni yangu, maana fomu niliijaza kwa mkono wangu na nilijua imeandikwa nini. Tena niseme ukweli, nyumba ilipoanza kupendeza na mimi nilifurahi.

Bi Thuwaiba, jirani wa mlango wa pili na shoga wa mama wa siku nyingi, akaleta zulia lake la Irani. Mama Nasra wa chini akaleta vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Mwalimu wa ghorofa ya juu akashusha meza ya kioo, tukaibeba watu watatu. Mkeka wetu tukausukuma chini ya kitanda.

Jumatatu afisa akaja, nitamwita Khalfan. Mtu wa makamo, kanzu safi, faili kwapani. Alianza kwa Kiarabu cha kiofisi, uso mkavu. Mama akaniita kwa Kiswahili nilete kahawa, jamaa akageuka.

"Kumbe Waswahili! Na sisi kwetu tulitoka Bujumbura."

Basi tena. Uso mkavu ukaisha na ukaguzi ukaisha. Mama akasema, "Ah, kumbe mtoto wa nyumbani!" Zikatoka sambusa, kababu, mkate wa kumimina na halua. Mwisho akamfukiza udi. Khalfan aliondoka ananukia kama bwana harusi.

"Kapenda," mama akaniambia. "Umeona alivyokula?"

Jibu lilipotoka, nimekataliwa.

Nikaenda ofisini kwao kuuliza. Karani akafungua faili akanisomea: hali ya familia ni nzuri, nyumba ina samani bora. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia. Mtu mzima na ndevu zimeshaanza, nalia mchana kweupe.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama neno ambalo linanichoma mpaka leo. Nilimwambia, "Ungemwonesha dhiki yetu badala ya fahari ya Thuwaiba, mimi ningekuwa mwanafunzi."

Aliendelea kudarizi, lakini niliona anafumua alichokishona na kukishona tena palepale.

Asubuhi nikamkuta kashavaa buibui. "Twende," akasema.

Tukachukua teksi mpaka Maskati yenyewe, mji wa zamani, kwenye ile ofisi. Watu walikuwa wamekaa wanasubiri, kama kumi hivi, na kwa jinsi nijuavyo watu wetu nusu yao Kiswahili wanakisikia vizuri. Mama hakungoja kuitwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Khalfan.

Khalfan alisimama kwa adabu. "Mama, usinichukie. Mimi kazi yangu naandika ninachokiona. Nimeona zulia, nikaandika zulia."

"Shika kalamu basi," mama akasema. "Zulia la Thuwaiba. Vikombe vya Mama Nasra. Meza ya mwalimu wa juu. Mapazia sikumbuki ya nani, lakini yangu siyo. N'na mkeka mmoja, uko chini ya kitanda."

Wakuu, huyu ni mwanamke ambaye hata kaka yake wa tumbo moja hakuwahi kumwambia kwamba nyumbani hamna mchele. Na nyuma yetu ukumbi mzima unasikia. Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa kumwonea aibu yeye, bali kwa lile neno langu la jana.

Khalfan akaacha kuandika. "Na ile halua?"

"Halua yangu," mama akasema. "Nimeinunua kwa kofia zangu. Hiyo usiifute."

Jamaa akavuta karatasi nyeupe. Halafu akatuelekeza jinsi ya kuandika barua ya malalamiko, akasema atakuja tena na safari hii hatatoa taarifa.

Alikuja Jumatano moja mchana. Mama yuko kwenye mkeka na kofia yake, mimi nafua. Khalfan alivua viatu akakaa chini, akanywa kahawa, akakagua jikoni mpaka ndani ya friji. Mama naye alijikaza, ingawa namjua, kila mlango uliofunguliwa ulikuwa unamuuma.

Nikapata. Lakini muhula ulikuwa umeshaanza, ikabidi nisubiri ule unaofuata. Kwa hiyo Azaiba kwa ami nilikwenda hata hivyo, miezi minne nikipanga maziwa ya kopo kwenye rafu. Ndiyo gharama ya lile zulia.

Sasa ruka miaka kadhaa mbele, tuko elfu mbili na kitu. Nimeshamaliza, nina kazi, na kitu cha kwanza kumnunulia mama kilikuwa zulia. Kubwa kuliko la Bi Thuwaiba, makusudi kabisa.

Mume wa Bi Thuwaiba akaugua, akaacha kazi. Binti yao Salma akapata nafasi ya kusomea ufamasia chuo cha binafsi, akaomba msaada ule ule. Barua ikaja, afisa atafika siku fulani.

Na Bi Thuwaiba, aliyeiona filamu yote mwanzo mwisho, akaja kugonga kwetu, akamwambia mama:

"Zuwena, nipe zulia lako. Langu limechakaa. Nataka hilo tu, si mambo mengi kama yako ya siku zile."

Mama akasema, "Sikupi."

Mimi nilikuwepo. Sijawahi kumsikia mama akimnyima mtu kitu, sembuse Thuwaiba.

"Mie nilikupa langu!"

"Ndiyo maana sikupi."

Bi Thuwaiba aliondoka kwa hasira, salamu zikakatika. Lakini siku ya ukaguzi, mama aliamka mapema, akabeba kiti chake, akaenda kukaa mlangoni kwa Thuwaiba. Kila jirani aliyekuja na kapeti, mto au seti ya vikombe, alimrudisha nayo. Wengine walimtukana. Kitu pekee alichokiruhusu kipite ni sahani ya halua, na hiyo aliileta yeye mwenyewe.

Salma alipita. Leo ni mfamasia, na dawa za presha za mama anazitoa yeye.

Funzo nililobaki nalo: siku hizi nikisikia mtu kanyimwa msaada, kabla sijaitukana serikali namuuliza kwanza, walipokuja kwenu mliwaonesha nini? Na msimcheke anayeficha dhiki yake. Kuisema mbele ya watu ni kazi nzito, mimi nimeiona ikifanywa, na mama yangu ilimtia homa siku mbili.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine alikaguliwa nyumbani, na mlificha nini chini ya kitanda?