Miaka Kumi na Minane ya Kirezi Iko Kwenye Karatasi Tu

Saa tisa na robo alasiri ya Ijumaa, basi dogo jeupe linasimama nyuma ya shule ya sekondari huko New Hope, pembezoni mwa Minneapolis. Theluji ya Februari imeshachafuka, imekuwa na rangi ya majivu. Wanafunzi saba wanapanda, begi la vitabu mgongoni, viatu vya kazi mkononi. Kirezi anakaa nyuma ya dereva. Anavua glavu za sufu, anavitazama vidole vyake kimoja kimoja, vyote kumi, kisha anavificha kwapani.

Wanakwenda kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Shuleni wanayaita mafunzo ya kazi. Yana alama zake, na asiyezipata hamalizi shule mwezi wa sita. Kiwandani wanaitwa wanagenzi, nao wanalipwa nusu ya anacholipwa mtu mzima anayesimama ubavuni mwao.

"Cha kujifunza nilikimaliza siku ya kwanza," anasema Kirezi. Unatoa shuka kwenye toroli, unatafuta pindo, unakunja. Tangu Septemba ni hivyo hivyo, kwa muda wa saa tano kila jioni, siku tano kwa wiki. Somo la hesabu analifanyia humu humu ndani ya basi, daftari likirukaruka magotini.

Kinachomtisha si kukunja. Ni mashine ya pasi: magogo mawili ya chuma yenye moto, marefu kuliko kitanda, yanayozunguka bila kupumzika. Watu wawili hushika pembe za shuka na kulilisha. Ukutani namba nyekundu inawaka, mashuka mia nne kwa saa. Ubavuni pa mashine kuna bango kwamba asiyetimiza miaka kumi na minane asiiguse.

Wiki tatu zilizopita aliyekuwa akilisha ni Bonheur, mtoto wa Mzee Thaddée, wanayesali naye kanisa moja. Shuka lilijikunja, akalifuata kwa mkono alinyooshe. Vikaenda vidole vitatu. Kirezi alikuwa upande wa pili, akipokea ili akunje. Alijua kuna jambo pale shuka lilipomfikia likiwa na doa.

Kampuni ikaangalia kitambulisho cha Bonheur: amezaliwa Januari mosi, 1998. Mtu mzima. Maneno yakaishia hapo.

Jumatatu iliyopita Nahashon, Mkenya anayesimamia zamu, akamwambia Kirezi achukue nafasi ile. Kirezi akamwonyesha bango.

"Anko, mimi niko na miaka kumi na sita."

"Dada mdogo, kitambulisho chako kinasema kumi na minane," Nahashon akamjibu. "Mimi nani nibishane na serikali?"

Hakusema kwa ukali. Namba ile ya ukutani isipofikiwa, yeye naye hukaripiwa. Alimpa wiki moja: akikataa, anarudishwa shule bila alama. Mwalimu wa mafunzo naye akamshauri afikiri vizuri, maana kiwanda hicho ndicho pekee kilichobaki kinachopokea wanafunzi wake.

Kitambulisho cha Kirezi kweli kimeandikwa Januari mosi, 1998, sawasawa na cha Bonheur. Katika kanisa lao la Wakongomani hilo si ajabu. Kila mwaka mpya huokwa keki moja kubwa yenye majina ishirini na saba, na akina mama hutaniana kwamba katika kambi ya wakimbizi walizaa siku moja wote, wakunga wakapumzika mwaka mzima. Zamani Kirezi alikuwa akicheka.

Mama yake, Ernestine, ndiye ajuaye ilivyokuwa. Walikuwa kambini Rwanda, na shule ilipokea watoto wa miaka saba. Kirezi alikuwa na mitano, lakini mrefu. Ernestine alikuwa akilima mashamba ya watu kwa chakula cha siku, na hakuwa na wa kumwachia. Akamvalisha sketi ya binti wa jirani, akamwambia asimame wima, akamtajia karani mwaka wa uongo. Karani akaongeza Januari mosi, kama alivyowaandikia wengine.

"Nilitaka tu akae mahali penye kivuli mpaka nirudi," anasema Ernestine.

Mwaka wa kweli uko kwenye kadi ya kliniki, ya rangi ya waridi, imechakaa kwenye mikunjo: tarehe kumi na nne Agosti, 1999, pamoja na kilo zake na chanjo zake. Ernestine ameificha ndani ya jalada la Biblia miaka yote. Maombi yao ya kibali cha kudumu cha kuishi Marekani bado hayajajibiwa, na anaogopa ataitwa mwongo, wote wanyimwe. Mzee Thaddée, ambaye mwanawe naye aliongezewa miaka, alikuja kumsihi: "Mama Kirezi, usifukue. Utatufukua sote."

Juzi, Ernestine akichambua maharage, Kirezi alimwambia kwamba Jumatatu ataweka mikono.

"Utaiweka wapi?"

"Kwenye mashine, Mama. Kama wewe unanyamaza, nani mwingine anajua nilizaliwa lini?"

Ernestine akamaliza kuchambua, punje kwa punje. Akanawa, akaileta Biblia, akachana jalada kwa kisu cha jikoni.

Leo kadi imo kwenye begi la Kirezi, ndani ya mfuko wa plastiki. Jumatatu asubuhi mama na binti wataipeleka kwa mkuu wa shule. Ernestine ameshaomba ruhusa kazini. Hawajui watajibiwa nini, wala kama alama zitabaki. Kirezi anasema yuko tayari kurudia mwaka.

Basi linapinda kuingia kiwandani, naye anaanza kufunga kamba za viatu.

"Agosti nitatimiza kumi na saba kwa mara ya pili," anasema. "Safari hii nataka keki yangu peke yangu, na kisu nikishike mwenyewe."