Saba za Mwalimu na Kitabu cha Bibi

Harufu ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni haikuombi ruhusa. Msimu wa kuvuna inaingia kwenye nywele, kwenye shuka, mpaka kwenye uji, na mwaka ule nikiwa darasa la sita iliingia hadi kanisani, maana magunia yaliyokosa nafasi nyumbani kwa mjomba Elia yalirundikwa nyuma ya mabenchi. Hapo ndipo alipotukuta mgeni mmoja aliyetaka tumwite Mwalimu. Alikuja na ubao mdogo kwapani, kikokotoo mfukoni, na jambo moja tu la kutuambia: Maandiko yametoka kwa Mungu kwa sababu yamejaa namba saba. Alichagua mstari wa Biblia ya Kiswahili, akahesabu maneno: saba! Akahesabu herufi. Zikigoma kugawanyika kwa saba, aliondoa “na” moja, eti hilo si neno kamili. Zikigoma tena, alijumlisha namba ya mstari. Mimi kwenye hesabu nilikuwa napata sifuri zilizonona, lakini hata mimi niliona kwamba ukiruhusiwa kupunguza na kuongeza unavyotaka, hata kwato za mbuzi wetu zitagawanyika kwa saba. Watu wazima walipiga makofi. Mjomba alitoa machozi. “Hii ndiyo saini ya Mungu,” alikuwa anarudia njia nzima, kama vile Mungu ni karani.

Ningeyacheka tu hayo yote kama yasingemgusa bibi. Bibi, mama yake mjomba, ni Mbena, Mlutheri tangu tumboni, na alishuka Mbuyuni na Agano Jipya lake la Kibena lililoshonwa jalada kwa uzi wa gunia. Ukurasa wa mwisho aliandika kwa penseli majina ya watoto wake watatu waliofariki wachanga. Hawakuwa na picha wala cheti. Walikuwa pale tu. Mjomba akampelekea Mwalimu kitabu hicho, akitarajia kusifiwa. Mwalimu akatafuta mstari uleule, akahesabu, akapata maneno kumi na moja. Akapunguza, akaongeza, kikokotoo kikagoma. Badala ya kuitilia shaka hesabu yake, akakitilia shaka kitabu. Alisema kisicho na saini si cha Mungu na kisilale ndani ya nyumba. Jumapili mchana vyote vya namna hiyo vitachomwa uwanjani.

“Mama, ni kwa ajili ya roho yako,” mjomba alimbembeleza.

“Kwani Mungu alianza lini kuongea Kiswahili peke yake, Elia?”

Aliuliza hivyo, lakini bibi ni mtu wa kuheshimu wageni wa kanisa. Jumapili ile kanisani nilimwona akiliweka Agano lake kwenye kiroba cha vitabu vya kuchomwa, yeye mwenyewe, taratibu, kama anamlaza mtoto. Nikachomoka, nikarudi na chupa ya dawa ya kupulizia vitunguu.

“Shikamoo, Mwalimu. Na mimi nimepata andiko.” Nikasoma lebo kwa sauti ya mahubiri: “Sumu. Weka mbali na chakula na watoto. Maneno saba! Herufi thelathini, toa ‘na’ moja, ishirini na nane, saba mara nne. Bwana asifiwe! Tuinywe?”

“Amina!” mama mmoja alijibu kwa mazoea, kisha akaziba mdomo. Kanisa zima likaangua kicheko. Mwalimu alisema nina pepo, na mjomba akanizaba kofi lililoniachia sikio likiimba mapambio.

“Usimpige mtoto kwa kujua kuhesabu,” bibi alisema. Alikuwa ameshasimama. Akapekua kiroba, akatoa kitabu chake, akakifuta kwa kanga, akatoka. Wengine wakafuata vya kwao. Hakuna kilichochomwa, na wiki ile ile Mwalimu akapanda basi.

Sasa niko kidato cha tatu, Iyunga, Mbeya, na kwenye grupu letu la WhatsApp la wanamaombi saba zilezile zinapita, safari hii zimepambwa mawingu ya dhahabu. Wenzangu, wanaofaulu hesabu kuliko mimi, wanajaza amina. Inanichefua. Wanadhani wanamtukuza Mungu, kumbe wanamkalisha chumba cha mtihani halafu wanamchakachulia majibu ili afaulu. Kwa miaka yote hii nilijisifu kwamba sisi wa Mbuyuni tulishinda.

Likizo ya Juni nilimkuta bibi kibarazani na Agano lake. Kidole kilikuwa kinaruka neno hadi neno, midomo ikicheza. Nikachungulia. Kidole kilifika mwisho wa mstari, kikasita, kikarudi mwanzo.

“Bibi, unasoma au unahesabu?”

Hakuniangalia. “Nasoma, mjukuu wangu,” alisema. “Hesabu inakuja yenyewe.”