Swali Nililolifuta

Tuzo yangu ni kipande cha kioo kizito, kipo juu ya kabati la vyombo nyumbani kwetu Chukwani, na mama amekataa katakata kisiondoshwe. Wageni wakija huwaonesha. Huwaambia kwamba mwanawe huyu kawapiku vijana wa nchi kadhaa kwa kazi ya kuhesabu watu. Mimi huinuka nikaenda jikoni, nikajifanya natazama chungu. Mama hajui mambo yote, na sina moyo wa kumwambia.

Kazi yangu ni takwimu za watu: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi katika ofisi moja ya Mji Mkongwe, ghorofani, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka ukikaribia kwisha nakaa roho juu. Tuzo ile ilikuwa ya watafiti chipukizi, sisi ambao bado hatujapata jina, na mshindi alipewa na nafasi ya kwenda nje kusoma shahada ya uzamivu. Niliitaka. Nisijifanye mtawa hapa, niliitaka mpaka naiota.

Utafiti wangu ulihusu vifo vya watoto wachanga katika vijiji vya kaskazini mwa Unguja. Kijiji kimoja ni cha mama yangu mdogo, na kwake ndiko tulikofikia mimi na vijana wangu wa kuhoji. Binti yake, ambaye mimi namwita mdogo wangu kwa kuwa ndivyo alivyo, alikuwa analima mwani asubuhi na mchana anatutembeza nyumba kwa nyumba. Bila ya yeye hata kibaraza kimoja tusingekaribishwa.

Dodoso letu lilikuwa na swali la kumuuliza mwanamke amezaa watoto wangapi, walio hai na waliofariki. Chini yake palikuwa na swali jengine, refu, la kuchimba: je, yupo mtoto yeyote aliyezaliwa akalia au akavuta pumzi, hata kama aliishi saa chache tu? Siku ya kwanza, wanawake walipoulizwa swali hilo waligeuza nyuso. Mmoja aliinuka akaingia ndani, asitoke tena. Vijana wangu walirudi wamenywea. Nikasema basi, hapa kijijini hili tunalifuta, makundi yetu ya vijiji vyengine yaendelee nalo yakitaka. Nikawahubiria, maana mimi nna ulimi, sikatai, kwamba wanaotunga madodoso huko mbali hawazijui adabu zetu, na kwamba mwanamke wa Unguja humkalishi kibarazani kwake ukaanza kumchokonoa kidonda. Swali la kwanza limeshataja waliofariki, nikasema, linatosha. Nilijiona mjuzi kwelikweli.

Majibu yalipokusanywa, kijiji cha mama mdogo kilitoka kinang'ara. Ungedhani malaika wa mauti hajui njia ya kule. Nikatafuta sababu, na sababu ukizitafuta hazikosekani: kituo cha afya kipo karibu, chumba cha kuzalia kipo, mkunga mwenyewe anaishi hapohapo kijijini. Nikaandika makala yangu. Watoaji wa tuzo wakaisoma, na katika barua ya kunipongeza walichokisifu kuliko vyote ni jinsi nilivyowauliza watu kwa kuheshimu mila zao.

Makala hiyohiyo ikafika kwa wakubwa wa afya wa sehemu zile. Wakunga ni wachache, kila mtu anajua, na wao wakaanza kusema kwamba kijiji kilichofanikiwa hivi kinaweza kubaki bila ya mkunga wake, akapelekwa kwenye shida zaidi. Habari hiyo ilinifikia. Nikaona kheri, kazi yangu haikuishia kabatini.

Wiki moja kabla ya sherehe nilikwenda shamba, kijijini kwa mama mdogo, kuwapa habari njema. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa, na mamake alikuwa uani anaanika kanga kuukuu za kumpokelea mjukuu, zile zilizolainika kwa kufuliwa. Nikawa namsaidia kuzikunjua. Nilipoinua moja akaninyang'anya polepole, akaiweka kando, akasema hiyo isichanganywe na nyengine, kipande chake cha pili ndicho kilichokatwa kuwafungia wale wawili.

Nikamuuliza wawili gani. Akanijibu kwa sauti ileile ya kuanika nguo: wawili wake wa kabla ya binti huyu, mmoja aliishi siku moja, mwengine siku tatu.

Dodoso la mama mdogo nililijaza mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, nikiwa nimekaa mkekani pake. Alinihesabia watoto watano na wote wako hai. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe uliniuliza watoto, mwanangu," alisema. "Wale hata siku ya saba hawakufika, hawana majina. Ungewaandika nani?"

Siku ya saba ndiyo mtoto hupewa jina, akanyolewa nywele, akachinjiwa. Anayeondoka kabla yake huzikwa kimyakimya na wanaume wachache, hakuna anayeweka matanga, na mamake hamtaji tena, ili atakayefuata akae. Hayo sikusomewa darasani. Nimekula nyama ya akika tangu sijaota magego. Mgeni aliyeyakosa hayo ungemsamehe, lakini mimi mtoto wa hapahapa, niliyajua, na nikayaona yakipita mbele yangu siku ile wanawake walipogeuza nyuso. Nikayapa jina la adabu na nikayafuta.

Nikatoka nikaenda kwa majirani. Safari hii sikuwa na karatasi. Nilikaa nao, nikamenya nao mihogo, na pole pole nikaliuliza lile swali. Waligeuza nyuso vilevile, kisha wakasema. Nyumba ya kwanza alikuwapo mmoja. Ya pili hakuwapo. Ya tatu walikuwapo wawili, na mama yao alilia mpaka nikamshika mkono. Sikuwa na nguvu ya kuingia ya nne.

Nikirudi mjini nilijua vizuri la kufanya. Simu mbili tu kesho asubuhi: moja kwa watoaji wa tuzo, moja kwa wakubwa wa afya, niwaambie msiiguse ile makala, ina kasoro, kijiji kile hakina nafuu yoyote. Asubuhi ikafika, na simu sikupiga. Nikajiambia nihakikishe kwanza. Siku ya pili nikajiambia sherehe ipite, halafu nitaandika marekebisho kwa utulivu, kisomi. Uongo mtupu. Niliogopa kunyang'anywa, basi.

Sherehe ilifanyika katika hoteli moja Kiwengwa. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, na kupitia vioo vya ukumbi walionekana wanawake wameinama kwenye mashamba yao ya mwani. Mhudumu akaja akavuta mapazia ili picha zinazomulikwa ukutani zionekane vizuri. Nikasomewa sifa zangu. Kisha akasimama mkubwa mmoja wa afya, akashukuru utafiti wangu kwa kuwaonesha pa kupunguza na pa kuongeza, akasema mkunga wa kijiji kile atahamishwa mwisho wa wiki. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Siku mbili baadaye wenzangu wa ofisini walinichukua Forodhani kunipongeza. Natamani niseme chakula kilinishinda. Nilikula mishikaki nikashiba, nikacheka, nikapigwa picha. Nyumbani ile barua ya marekebisho ilikuwa na mistari miwili, na ikabaki na mistari miwili kwa siku kumi na kitu.

Uchungu wa mdogo wangu ulimshika alfajiri. Wakampeleka kituoni kwa mazoea tu, ingawa walijua mkunga keshahamishwa, wakakuta chumba cha kuzalia kimetiwa kufuli. Ikabidi itafutwe gari. Gari iliyopatikana ni ya kubebea magunia ya mwani, na hospitali iko mbali. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya mkeka, mikononi mwa mama mdogo ambaye hajawahi kumzalisha mtu. Alikuwa mtoto mwanamke. Alilia. Kisha akawa anavuta pumzi kwa shida, na hakuna aliyejua la kumfanyia, na walipofika hospitali alikuwa keshapoa. Mama mdogo alinipigia simu adhuhuri, akaniambia tu kwamba mdogo wangu mzima, alhamdulillahi, na kwamba yule mwengine hakukaa.

Siku hiyo niliimaliza barua. Ilinichukua chini ya saa moja. Watoaji wa tuzo walinijibu kwa maneno mazuri, wakanisifu kwa ukweli wangu, wakasema tuzo inabaki yangu na marekebisho yatachapishwa. Wakubwa wa afya walijibu kwamba hoja yangu imepokewa na itaangaliwa katika mpango ujao. Hakuna aliyenigombeza. Niliona uchungu kwa hilo kuliko matusi, maana niliachiwa mzigo wote mwenyewe.

Nikaenda shamba. Nyumba ilikuwa kimya. Hapakuwa na mkeka wa matanga, wala majirani, wala mtu wa kupewa mkono. Mdogo wangu alikuwa uani, kwa kuwa arobaini yake ya uzazi haijaisha na hatoki, kajifunga kanga ngumu kifuani kuzuia maziwa, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba ili wenzake wampelekee pwani. Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia yote, tangu swali nililolifuta mpaka makofi ya Kiwengwa. Sikumficha kitu, na nilikuwa nalia, na nilijichukia kwa kulia kwa kuwa yeye hakuwa analia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake haikusimama. Nilidhani atanifukuza, na ningeshukuru. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ulijua lini?"

Nikamwambia nilijua siku ile nilipokuja kuwapa habari ya tuzo, wiki nzima kabla ya sherehe.

Akahesabu siku kimoyomoyo.

"Siku ile mkunga alikuwepo," alisema. "Asubuhi yake alinipima. Alinambia nisiwe na wasiwasi, atanizalisha mwenyewe."

Nikamwambia ndiyo, alikuwepo. Akaitikia kwa kichwa, akavuta kamba nyengine, akaendelea kufunga.