Mistari Ndani ya Barafu

Kwa miaka thelathini na minne Gunnvor alichora ramani za ukingo wa barafu ya bahari, ofisini katika mji wa kaskazini wa Tromsø, na sasa alikuwa amechoka hoi. Macho yamechoka, shingo imechoka, na zaidi ya yote amechoka kuwaonya watu wasiosikia. Ijumaa hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Wenzake walishaoka keki.

Asubuhi ikashuka picha ya rada kutoka kwenye setilaiti. Gunnvor akaona mistari sambamba imetoka bahari wazi na kuingia barafuni kilomita sitini bila kufifia. Mawimbi ya dhoruba ya mbali hayo. Mawimbi mafupi barafu huyameza ukingoni tu; marefu hupita chini yake, yakaipinda, yakaivunja. Katikati ya mistari palikuwa na nukta nyeupe: meli ya Torleif, mdogo wake, mwinda sili, wale wanyama wa baharini.

Torleif alijificha barafuni kama alivyojificha baba yao kila dhoruba ilipokaribia. "Barafu huilaza bahari," mzee alizoea kusema, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Gunnvor akampigia simu. "Toka humo sasa hivi."

"Niende wapi, dada? Huku kahawa haitikisiki kikombeni! Wewe bahari umeiona dirishani tu."

"Jioni barafu hiyo itakuponda."

"Sili ndio kwanza nimewapata. Nirudi mikono mitupu? Baba angenicheka."

"Baba hakuwa na picha hii. Hebu kitazame hicho kikombe. Usinywe, tazama."

Alijua sikio la kufa halisikii dawa, lakini akangoja.

"Inalala upande," Torleif akasema polepole. "Sasa inarudi. Taratibu mno."

"Hayo ndiyo mawimbi yenyewe. Yameshafika kwako."

Torleif akatukana, akakata simu.

Picha ya alasiri ilipofika, pale alipokuwa Torleif barafu ilikuwa imekatika vipande vipande. Gunnvor aliitafuta ile nukta. Akaiona nje, kwenye maji wazi, peke yake. Akalia mbele ya wenzake, hakuona haya.

Keki ikakatwa, hotuba ikasomwa. Alikuwa ameshavaa koti simu ilipolia.

"Dada, huku nje bahari imechafuka. Nipite wapi? Kesho asubuhi utaniangalizia picha?"

"Kuna kijana mpya hapa, anajua kazi."

"Simjui mimi huyo."

Mungu anajua, Gunnvor alitaka kulala tu.

"Nipigie saa mbili asubuhi," akasema, akavua koti.