Siku Nilipoichora Omani Ikimimina Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Nizwa, Omani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mudiri hakunipa kiti. Mudiri ndiye aliyekuwa mkuu wa gazeti letu la wiki, mtu wa Unguja kama mimi, miwani yake imefungwa uzi. Alinisogezea sanduku la bati akasema, "Kalia hilo kwanza, mwanangu, kisha lifungue."

Ndani mlijaa vipande vya magazeti ya zamani ya nchi za watu, na katika kila katuni taifa zima limevishwa mwili wa mtu mmoja. Marekani, mzee mwembamba mwenye ndevu za beberu na kofia ndefu. Uingereza, bwana wa kitambi, mbwa miguuni pake. Urusi, dubu. Nilistaajabu mno. Mamilioni ya watu, na milima yao na mito yao, wameingia katika pua moja na jozi ya viatu, na ukimwona tu unamjua! Siku nzima sikukumbuka kula.

"Umewaona wote?" mudiri aliniuliza jioni.

"Nimewaona, ustadh. Sisi je?"

"Sisi hatumo. Ndiyo maana nimekuajiri."

Nyinyi mnaochora kwa kompyuta hamwezi kujua taabu yetu. Tulichora kwa kalamu ya nibu na wino mweusi, na kivuli tulikitia kwa vistari vinavyopishana, kwani mtambo wetu haukujua kijivu. Mchoro ulipelekwa Maskati kwa gari, ukapigwa picha, na filamu yake ikahamishiwa kwenye bamba la chuma la kuchapia. Kosa likishafika kwenye bamba, limemfikia kila mtu.

Niliitafuta sura ya Omani miaka kadhaa. Nikiichora mwanamke, mavazi ya Sur yaliwaudhi watu wa Nizwa. Nikachora simba, mudiri akasema, "Simba tumewaacha Tanganyika." Nilipohamishiwa ofisi ya Ibra ndipo aliponijia: mwanamume wa makamo, kanzu na kilemba, miguu mitupu, amesimama mbele ya mataifa makubwa yaliyoketi mkekani, anawamiminia kahawa. Mudiri alikuja mwenyewe kumwona. Alimtazama, akavua miwani.

"Mabruk, Zuwena. Ukurasa wa kwanza, toleo la sikukuu ya taifa. Gari linaondoka alasiri."

Saa ya chakula niliupeleka mchoro nyumbani nimwoneshe Bi Nasra, bibi aliyenipangisha chumba. Hakujua kusoma, na Afrika hakuwahi kuikanyaga. Kiswahili chake alikipata kwa marehemu mumewe.

"Huyu nani, ya binti?"

"Omani, bibi."

Akainama karibu. "Omani? La wallah! Anampa mgeni finjani kwa shimali?"

Shimali, yaani mkono wa kushoto! Dele la kahawa nilikuwa nimelitia mkono wa kulia, kama tulivyozoea kumimina chai kwetu, basi kikombe kikabaki kushoto. Hapa dele hushikwa kwa kushoto ili finjani itolewe kwa kulia. Mtoto mdogo analijua hilo. Mimi sikuliona, na mudiri wangu wa Unguja naye hakuliona! Tayari walikuwapo walionong'ona kwamba gazeti letu ni la watu wa Zinjibari wasiojua ya hapa. Picha ile ingetoka vile, nani angeniachia tena niichore nchi hii? Na kuirudia kulitaka siku mbili.

Nililia, sioni haya kusema. Nilipoinuka kuuficha mchoro, ukapita mbele ya kioo cha Bi Nasra, nikaona: dele kushoto, finjani kulia! Kumbe filamu nayo ingeweza kugeuzwa. Nilikwangua kwa wembe majina ya mataifa, maana yangesomeka kinyume, nikakihamisha kishada cha shingoni mwa kanzu, kisije nacho kikageukia upande usio wake, nikaandika pembeni, "Igeuzeni filamu." Ndipo nikashtuka tena.

"Bibi, sasa wageni ndio wanaopokea kwa kushoto!"

Bi Nasra alicheka mpaka shela ikamdondoka. "Waache! Wao wageni, watajuaje? Mwenye nyumba ndiye asikosee."

Gazeti lilipotoka, watu walilibandika madukani hadi Sur. Walisifu akili za mchoraji aliyewapokeza wakubwa kwa kushoto, akawacheka kwa adabu. Nilimweleza mudiri ukweli. Alishika kichwa, kisha akacheka na yeye. Yule bwana wa kilemba niliendelea kumchora, Ibra na baadaye Sur, hadi nilipostaafu.

Wajukuu huniuliza ni picha ipi ninayoionea fahari, nami huwaambia fahari yangu haimo katika picha. Imo katika asubuhi iliyofuata toleo lile, chumbani kwa Bi Nasra, wanawake wa mtaa wameketi na gazeti linapita mkono kwa mkono. Nilikuwa nimekaa Ibra karibu mwaka, na kila siku nilimiminiwa, kwa kuwa mgeni hashiki dele. Bi Nasra aliinuka, akalitia dele katika mkono wangu wa kushoto mbele yao wote.

"Yallah, mimina wewe," akasema. "Mimi leo nakaa."