Ukipokea ni Wako

Yule muuza vyombo wa jumla pale Masasi ana mkataba wa sentensi moja: mzigo ukishaupokea ni wako, hata ukiukuta umevunjika. Kwa hiyo hakupi nafasi ya kuwaza. Hujamaliza kumwamkia, katoni iko kifuani mwako, naye anapangusa viganja kama aliyekwisha kula. Wenye maduka wote wa Newala amewaweza, isipokuwa mimi, niliyemaliza darasa la saba mara mbili. Juzi nikiwa pale dukani kwake, alikuja Mama Winfrida wa Kitangari, ambaye akipata hasara nyingine ya glasi anafunga duka. Alisimama mbele yake, mikono ndani ya kanga.

"Pokea, mama."

"Fungua kwanza nione."

"Pokea ndiyo nifungue."

Mama hakuitoa mikono. Katoni ikaanza kutetemeka, jasho likamfika jamaa kidevuni, na bado anatabasamu kama anayepigwa picha. Mwishowe akaitua, akafungua. Glasi tatu zimepasuka.

"Nipe nyingine, baba," Mama Winfrida akasema.

"Haya." Akainyanyua ile mbovu, akanigeukia kwa upole. "Mjomba, hebu nishikie hii nimletee nzuri."

Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikaipokea kwa mikono miwili.