Wembe wa Misheni

Juzi, njiani kwenda kijiji cha Michenga, nilimwona mama mmoja akimnyoa mwanawe, nikakumbuka siku niliyoondoka kwetu asubuhi bila kujua niendako. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala ya mpunga, na mama yangu hakuwa amerudi kutoka porini. Alasiri nilifika misheni, walikotunza watoto wasio na makao. Palinukia uji. Bibi mpishi akaniketisha, akashika wembe.

“Sinyolewi,” nikasema. “Mama hajafa.”

Kwetu tulinyoa kwa msiba. Sikujua kwamba pale walinyoa kwa sababu ya chawa.

“Asiyenyolewa halali bwenini, mjukuu wangu.”

“Basi nitalala nje.”

Akauweka wembe chini.

“Utalala jikoni kwangu, wewe na chawa wako.”